IZUMO1: Protini ya Mbegu ya Kiume Isiyoonekana kwa Hadubini

Karatasi ya majibu ya kipimo cha shahawa ina mistari michache. Hutaja ujazo wa shahawa, idadi ya mbegu katika mililita moja, sehemu ya mbegu zinazokwenda mbele na sehemu ya zile zenye umbo la kawaida. Chini yake huandikwa neno moja ambalo hubeba uzito kuliko tarakimu zote zilizolitangulia: "kawaida". Mume anaporudi nalo nyumbani, iwe ni Igombe, Magu au ng'ambo ya maji huko Sengerema, ndugu hulisoma kwa namna moja tu. Baba ni mzima. Kwa hiyo kasoro ni ya mama. Kutoka hapo si mbali kufika kwenye mazungumzo ya mke wa pili, au ya kurudishiwa ng'ombe wa mahari.

Neno hilo halikuandikwa kwa maana hiyo. Hadubini huonesha mbegu ikiogelea, lakini haioneshi kama mbegu hiyo, ikishalifikia yai, itaweza kuungana nalo. Kazi hiyo ya mwisho hutegemea protini kadhaa zilizo juu ya kichwa cha mbegu, na inayofahamika zaidi miongoni mwazo inaitwa IZUMO1. Jeni inayobeba maelekezo ya kuiunda iko kwenye kromosomu ya 19, na protini yenyewe ni mnyororo wa asidi amino 350. Mbegu iliyoikosa huweza kuwa na mwendo mzuri na umbo zuri, na bado ikasimama mlangoni bila kuingia. Jambo hili ni nadra, na tutaona kwa nini mhudumu wa afya wa Kanda ya Ziwa asianze kulitafuta kabla ya mengine. Hata hivyo, anayelielewa hawezi tena kuisoma ile karatasi kama hati ya kumsafisha mmoja na kumhukumu mwingine.

Mlango wa mwisho

Katika tendo moja la ndoa hutoka makumi ya mamilioni ya mbegu. Zilizo nyingi hufia njiani: ukeni, kwenye ute wa mlango wa kizazi, ndani ya mji wa mimba. Zinazofika kwenye sehemu ya mrija ambako yai husubiri ni chache mno zikilinganishwa na zilizoanza safari. Yai ni kubwa kwa vipimo vya seli, takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, nalo limezungukwa na ganda laini liitwalo zona pelusida. Chini ya ganda hilo ndipo ulipo utando wa yai lenyewe.

Kichwa cha mbegu kimevikwa kifuko kiitwacho akrosomu. Kabla ya kulifikia yai, kifuko hicho hupasuka, na kupasuka huko kuna faida mbili. Huiwezesha mbegu kupenya ganda, na huifunua IZUMO1, ambayo hadi wakati huo ilikuwa imefichwa chini ya kifuko. Mbegu ambayo akrosomu yake haijapasuka ni sawa na mgeni aliyefika na barua ya utambulisho ikiwa bado imeshonewa ndani ya koti.

Historia ya ugunduzi wake ni ya uvumilivu. Mwaka 1987 Masaru Okabe na wenzake nchini Japani walipata kingamwili iliyopewa jina OBF13. Kingamwili hiyo ilishika tu mbegu za panya zilizokwisha kupasua akrosomu, na ilizuia mbegu hizo zisiungane na yai. Ilikuwa wazi kwamba imeshika kitu muhimu, lakini kitu chenyewe hakikujulikana. Ilipita miaka 18. Mwaka 2005, katika jarida la Nature, Naokazu Inoue, Okabe na wenzao wa Chuo Kikuu cha Osaka walitangaza kuwa wameipata protini hiyo, nao wakaiita Izumo, kwa jina la hekalu la Japani linalohusishwa na ndoa.

Jaribio lao linafaa kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu ndilo linalotupa picha iliyo wazi kuliko zote. Watafiti waliwaondolea panya jeni hiyo. Panya majike walioikosa walizaa kama kawaida. Madume walipanda majike bila tatizo lolote. Mbegu zao zilihesabika, ziliogelea, zilipasua akrosomu, zikapenya ganda la yai. Kisha zikakusanyika kwenye nafasi nyembamba kati ya ganda na utando wa yai, na hapo zikabaki. Hakuna hata moja iliyoungana na yai. Lakini watafiti walipoichukua mbegu ya dume kama huyo na kuiingiza ndani ya yai kwa sindano, yai lilitungishwa na kukua. Kwa maneno mengine, mbegu ilikuwa nzima kwa kila hali, na urithi iliobeba ulikuwa mzima. Kilichokosekana ni namna ya kuvuka utando mmoja. Walijaribu pia mbegu za binadamu kwenye mayai ya hamsta yaliyoondolewa ganda, mbinu ambayo maabara zilikwisha kuitumia miaka mingi kupima uwezo wa mbegu. Kingamwili dhidi ya IZUMO1 ya binadamu ilipoongezwa, mbegu zilishindwa kuungana na mayai hayo.

Miaka tisa baadaye ilipatikana nusu ya pili ya habari. Mwaka 2014 Enrica Bianchi, Gavin Wright na wenzao wa Taasisi ya Sanger nchini Uingereza walionesha kwamba juu ya utando wa yai kuna protini inayoipokea IZUMO1. Waliiita Juno, jina la mungu wa kike wa ndoa katika imani za Warumi wa kale. Protini hiyo ilikuwa imekwisha kuorodheshwa kama mojawapo ya vipokezi vya foleti, kwa sababu inafanana navyo, lakini ilipochunguzwa ilionekana haishiki foleti kabisa. Nalitaja hili makusudi, maana swali limekwisha kuulizwa kliniki: je, vidonge vya asidi ya foliki vitasaidia mbegu kulishika yai? Vidonge hivyo vina kazi yao kubwa ya kumkinga mtoto na kasoro za ubongo na uti wa mgongo, na mama anayetarajia kushika mimba avimeze. Mlango huu, hata hivyo, havihusiani nao.

Juno ina tabia moja ya kushangaza. Mbegu ya kwanza ikishaungana na yai, Juno huondoka kwenye utando. Katika panya, baada ya dakika 40 hivi haionekani tena. Yai huwa limejifungia. Ni lazima liwe hivyo, kwa kuwa yai lililoingiwa na mbegu mbili huwa na kromosomu 69 badala ya 46, na mimba ya namna hiyo haiwezi kuendelea hadi kutoa mtoto anayeishi.

Hata samaki wanayo

Tangu hapo orodha imerefuka. IZUMO1 haifanyi kazi peke yake. Protini nyingine za mbegu, kama SPACA6 na TMEM95, zikikosekana katika panya dume, huleta ugumba wa aina ileile. Mwaka 2024 kundi la watafiti la Andrea Pauli mjini Vienna, wakisaidiwa na programu ya kompyuta ya AlphaFold inayotabiri maumbo ya protini, walionesha kwamba IZUMO1, SPACA6 na TMEM81 husimama pamoja kama mafiga matatu na kuunda sehemu inayokutana na yai. Kazi kubwa ya utafiti huo ilifanywa kwa samaki mdogo wa maabara mwenye mistari.

Msomaji wa Mwanza atalifurahia hilo. Sato wa ziwani na furu hutungisha mayai nje ya mji wa mimba, na mama wengi wa furu huyabeba mayai mdomoni hadi yaanguliwe. Mbegu ya samaki hawa haina akrosomu. Huingia kupitia tundu dogo kwenye ganda la yai. Wahenga wetu na wahenga wa sato waliachana zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Lakini protini za mbegu zinazoshughulikia mlango wa mwisho zimebaki za ukoo mmoja. Kilichobadilika zaidi ni upande wa yai: samaki hawatumii Juno, bali protini nyingine.

Ugumba unarithiwaje?

Swali hili husikika kama kitendawili, kwa kuwa asiyezaa hana wa kumrithisha. Jibu liko kwenye kromosomu ya 19. Hiyo si kromosomu ya jinsia. Kila mtu, mwanamume au mwanamke, ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Panya dume mwenye nakala moja nzima na moja mbovu huzaa kama wengine. Jike huzaa hata kama nakala zote mbili ni mbovu, kwa sababu yai halihitaji IZUMO1. Hivyo nakala mbovu huweza kupita vizazi vingi kimyakimya kupitia akina mama na akina baba wenye watoto, hadi siku mtoto wa kiume atakapopokea mbili kwa pamoja. Uwezekano huo huongezeka wazazi wanapokuwa ndugu wa damu.

Hapa lugha yetu yenyewe inatupa la kufikiri. Tuna neno "tasa", ambalo kwa kawaida husemwa juu ya mwanamke au mnyama jike. Tuna "mgumba", ambalo laweza kumhusu yeyote. Katika mazungumzo ya mtaani la kwanza hutamkwa kwa wepesi, na la pili, likimwelekea mwanamume, hutamkwa kwa kunong'ona. Maumbile hayana upendeleo huo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba takriban mtu mmoja kati ya sita duniani hukutana na tatizo la kutopata mimba katika maisha yake, na hesabu hiyo ni ya wanaume na wanawake pamoja.

Turudi kwenye ile karatasi. Viwango vya chini vilivyochapishwa na Shirika hilo mwaka 2021 ni ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, asilimia 30 zinazokwenda mbele, na asilimia 4 zenye umbo la kawaida. Vilipatikana kwa kuwapima wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya miezi 12, kisha kuchora mstari mahali ambapo akina baba watano kati ya mia waliangukia chini. Maana yake ni kwamba wapo wanaume walio chini ya mstari na wana watoto, na wapo walio juu yake wasiopata. Kwa maoni yangu, mtaalamu wa maabara angetenda haki zaidi kama angeandika: "Idadi, mwendo na umbo vimo ndani ya viwango; uwezo wa kutungisha haukupimwa." Ni maneno machache tu ya ziada, na wino si ghali.

Kabla ya kuitafuta jeni

Baada ya kuisifu IZUMO1 kiasi hiki, ni lazima niseme kwamba mgonjwa anayepanda kilima cha Bugando kutafuta mtoto ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na tatizo jingine. Kasoro za jeni hii zilizothibitishwa kwa binadamu ni nadra mno. Maambukizi si nadra. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika katika nchi 25 na kuchapishwa mwaka 1985 uliona kuwa miongoni mwa wanawake wa Afrika kusini mwa Sahara waliochunguzwa kwa kukosa mimba, zaidi ya asilimia 85 walikuwa na chanzo kinachoweza kuhusishwa na maambukizi. Takwimu hizo ni za zamani, lakini visababishi havijahama: kisonono na klamidia, ambavyo huacha makovu kwenye mirija ya mama na huweza kuziba njia za mbegu za baba. Mbegu yenye IZUMO1 kamili haina msaada kama mrija umeziba.

Mkoa huu una sababu ya pekee ya kulikumbuka hilo. Kati ya mwaka 1991 na 1994 jamii 12 za Mkoa wa Mwanza zilishiriki utafiti ambao matokeo yake yalichapishwa katika The Lancet mwaka 1995 na kusomwa dunia nzima. Katika nusu ya jamii hizo, watumishi wa vituo vya afya na zahanati walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, na dawa zikahakikishwa kuwepo. Maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40. Utafiti haukuhesabu ugumba. Lakini maambukizi yaliyotibiwa mapema ndiyo yaleyale ambayo, yakiachwa, huharibu mirija; na yalitibiwa na matabibu wa vijijini, kwa dawa za kawaida.

Kichocho nacho kisisahauliwe. Ufukweni mwa ziwa kinachotawala ni kichocho cha tumbo. Kichocho cha mkojo hupatikana zaidi bara, kwenye malambo, madimbwi na majaruba ya mpunga ya Usukuma. Hicho cha mkojo hutaga mayai yake si kwenye kibofu pekee, bali pia kwenye tezi dume, kwenye vifuko vya shahawa na kwenye mlango wa kizazi. Mwanamume anayeona damu kwenye shahawa mara nyingi hunyamaza, au hudhani amerogwa. Aulizwe alikulia wapi na aliogelea wapi, apimwe, apewe prazikwanteli kwa uzito wake. Homa kali, ikiwamo ya malaria, nayo huweza kuvuruga mbegu kwa muda, na kwa kuwa mbegu moja huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, kipimo kibaya kirudiwe baada ya miezi mitatu kabla ya mtu kupewa hukumu ya maisha.

Kuna sababu nyingine ambayo sijaiona kwenye vitabu vya kigeni, na mhudumu wa mwambao huu hana budi kuiulizia. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kamili, dagaa hawavutwi na taa, nao wavuvi hupumzika. Wengi wao huishi kambini visiwani na hurudi nyumbani siku hizo tu. Sasa tufanye hesabu. Siku ambazo mwanamke anaweza kushika mimba ni kama sita katika mzunguko mmoja: siku yai linapotoka na zile tano zinazotangulia, kwa kuwa mbegu huweza kuishi hadi siku tano lakini yai haliishi zaidi ya siku moja. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu. Mama mwenye mzunguko wa siku 28 hupishana na mwezi kwa siku moja na nusu tu kila mara. Kama likizo ya mume iliangukia kwenye hedhi yake mwezi huu, mwezi ujao itaangukia karibu palepale, na miezi kadhaa itapita kabla siku zao hazijakutana. Wawili hao hawana ugonjwa wowote. Wanachohitaji ni kalenda, na ruhusa ya kurudi nyumbani wiki tofauti. Swali la kuwauliza ni rahisi: "Baba, kwa mwezi unalala nyumbani siku ngapi, na ni siku zipi?"

Kumwita baba kliniki ni kazi ngumu, nami sidhani kama mabango yatasaidia. Mara nyingi kinachosaidia ni utaratibu: kuwapokea wawili kwa pamoja na kumwambia baba kwamba tunaanza naye kwa sababu kipimo chake ni rahisi na hakiumizi, ilhali vya mama ni vya gharama na vingine vina maumivu. Majibu wapewe wote wawili, chumba kimoja, mlango ukiwa umefungwa. Mama mkwe asubiri nje, kwa heshima zote.

Ikiwa mirija ya mama iko wazi, yai linatoka, siku zinakutana, shahawa ziko ndani ya viwango na mwaka umepita bila mimba, ndipo rufaa kwa bingwa inapostahili, na ndipo masuala ya protini yanapoanza kuwa na nafasi. Kushindwa kwa mbegu kuungana na yai kwa kawaida hugunduliwa pale tu mayai na mbegu vinapowekwa pamoja maabara na hakuna yai hata moja linalotungishwa. Kuipandikiza shahawa kwenye mji wa mimba hakuwezi kuwasaidia watu hawa, maana mlango wa yai utabaki umefungwa. Njia inayovuka kikwazo hicho ni ileile waliyoitumia watafiti wa Osaka kwa panya: kuingiza mbegu moja ndani ya yai kwa sindano. Watoto wa kwanza wa binadamu waliopatikana kwa njia hiyo walitangazwa mjini Brussels mwaka 1992. Gharama yake bado ni kubwa kwa mvuvi na mkulima wa pamba, na ni haki waambiwe hivyo kabla ya kuuza mtumbwi au ng'ombe.

Jambo moja la utendaji kwa wahudumu wa visiwani. Sampuli ya shahawa huchunguzwa ndani ya saa moja, ikiwa imehifadhiwa kwenye joto la mwili. Iliyotoka Nansio kwa meli, imefungwa kwenye mfuko na kukabidhiwa kwa ndugu, itafika Mwanza mbegu zake nyingi zikiwa hazina mwendo, na mwanamume mzima ataandikiwa ugonjwa asio nao. Asafiri mwenyewe, baada ya kujizuia siku mbili hadi saba, na atoe sampuli hapohapo maabara ilipo. Akiwa mvuvi wa dagaa, apangiwe wiki ya mbalamwezi.